Kofia, Kanzu na Mashuka ya Kudarizi kwa Mkono: Maswali Tunayoulizwa Mikindani

Ukurasa huu ni kwa wateja wetu wa Mtwara, Lindi na Kilwa, na kwa wale wa mbali wanaopiga simu kuuliza yale yale. Tunashona na kuuza kofia za viua (vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi), kanzu zenye darizi shingoni, mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Kazi nyingine si zetu, tunawauzia kina mama wanaoshonea nyumbani. Maswali tumeyaacha kama yanavyokuja, hata yenye kebehi.

Hivi kudarizi ni nini hasa? Mbona kila kitambaa chenye maua mnakiita darizi?

Sisi hatukiiti hivyo, wauzaji wengine ndio wanaochanganya. Kudarizi ni kupamba kwa sindano na uzi nguo ambayo tayari ipo. Vile vitambaa vya makochi vilivyojaa matundu, vilivyotengenezwa kwa uzi mtupu na kroshia, ni kazi ya kufuma. Mkeka wa ukili unasukwa. Kanga na kitenge vinachapwa kiwandani, batiki inachovywa rangi. Zote ni kazi nzuri, lakini hakuna sindano iliyopita humo.

Nitajuaje kama imeshonwa kwa mkono?

Igeuze. Usihangaike na upande wa mbele, huko hata mashine hudanganya vizuri.

Mashine hutumia nyuzi mbili: wa juu uliopita kwenye sindano, na wa chini unaotoka kwenye bobini. Ukigeuza nguo utaukuta ule wa chini, mara nyingi mweupe au mweusi, umekaa katikati ya rangi za maua. Mara nyingi yapo pia mabaki ya karatasi au kitambaa kigumu kilichowekwa ili nguo isijikunje, ukikikuna kwa ukucha kinakwaruza. Kazi ya mkono ina uzi mmoja, rangi ile ile mbele na nyuma. Utaona mahali mshonaji alipoanzia, alipomalizia, na alipovuka kutoka ua moja kwenda jingine.

Kisha tafuta maua mawili yanayotakiwa kufanana. Ya mashine yatalingana mshono kwa mshono, na kama kuna kosa, kosa litajirudia pale pale katika kila ua. Ya mkono yanafanana kama watoto wa mama mmoja: huwezi kuwakana, lakini kila mmoja ana sura yake.

Kwenye kofia kuna kipimo cha haraka zaidi. Inyanyue kuelekea dirishani. Kofia nyingi za mashine viua vyake ni nukta za uzi tu, mwanga haupenyi. Na ukikuta dazeni nzima yenye mchoro mmoja na rangi moja ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, huna haja ya kuuliza tena.

Fundi cherehani naye si anatumia mikono?

Anatumia, na swali hili ni la haki. Wapo mafundi hodari wanaodarizi kwa cherehani ya miguu. Wanaondoa kile kiguu kinachobana nguo, wanashusha meno yanayoivuta, wanaibana nguo kwenye fremu ya duara na kuisogeza wenyewe chini ya sindano, mbele, nyuma, pembeni. Hakuna kompyuta inayowaongoza, ua linatoka kichwani mwa fundi. Ukimwona mtu anayeijua kazi hiyo utasimama kumtazama.

Hata hivyo si kazi ya sindano ya mkono, na haichukui muda ule ule. Sisi tunaiandika "darizi ya cherehani" na inauzwa kwa bei yake. Ugomvi wetu si na cherehani. Ni na muuzaji anayekuuzia ya cherehani kwa bei ya mkono huku akikupigia hadithi ya bibi kizee.

Kofia ya viua inatengenezwaje?

Hili ndilo swali tunalopenda kulijibu, kwa hiyo vumilia.

Kofia ina vipande viwili: duara la juu na mkanda wa kuzunguka. Kitambaa ni cha pamba, cheupe, na huwekwa tabaka mbili ili kisimame. Mchoro huchorwa kwanza kwa penseli, mstari kwa mstari, na mara nyingi mchoraji na mshonaji ni watu wawili. Mchoraji ndiye mwenye hesabu. Anatakiwa kugawa mkanda kiasi kwamba ua la mwisho likikutana na la kwanza lisikatwe nusu. Ukitaka kujua kama kofia ilichorwa na mjuzi, usitazame katikati, tafuta ule mshono wa kuunganisha mkanda uone mchoro ulivyokutana.

Baada ya hapo mistari hushonwa kwa mishono midogo inayorudi nyuma na kubana tabaka mbili pamoja. Kisha ndipo viua. Kila kiua hutobolewa kwa sindano nene, na hapo ndipo penye ujanja: nyuzi za kitambaa husogezwa pembeni, hazikatwi. Halafu uzi wa kushonea huzungushwa kwenye ukingo wa tundu na kukazwa mpaka tundu linakaa wazi lenyewe. Kwa kuwa nyuzi hazikukatwa, tundu halifumuki hata kofia ikifuliwa miaka. Kazi hiyo inarudiwa mamia ya mara kwenye kofia moja iliyojaa. Mwishoni duara na mkanda huunganishwa.

Mshonaji mwenye shamba, jiko na watoto hawezi kukaa na kofia kutwa. Huishika baada ya adhuhuri, huiweka, huishika tena usiku kama macho yanaruhusu. Kofia ya viua vya kujaa huchukua wiki kadhaa, nyingine miezi. Nyeupe juu ya nyeupe ndiyo inayochosha macho kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa vijana wengi siku hizi wanataka rangi ya dhahabu na kahawia.

Viua havikuwekwa kwa urembo tu. Vaa kofia ya kitambaa kizima Mtwara mchana wa Novemba, halafu uvae ya viua. Joto lina mahali pa kutokea.

Kazi nzuri na kazi ya kulipua nazitofautishaje?

Laza nguo mezani bila kuivuta. Kama kitambaa kimejikunja kuzunguka ua, uzi ulivutwa mno. Kama mishono inainuka ukiipitishia kidole, ulilegezwa mno. Kwenye majani yaliyojazwa uzi, tazama kingo: ziwe na mstari, zisiwe na meno ya msumeno. Nyuma kusiwe na mafundo makubwa, maana fundo hutokeza mbele nguo ikipigwa pasi. Kwenye kofia, viua vya mstari mmoja viwe na upana mmoja.

Mshono mmoja uliopinda katika kazi nzima si kasoro. Nusu ya kwanza iliyoshonwa kwa utulivu na nusu ya pili iliyokimbizwa ili iwahi Idi, hiyo ndiyo kasoro, na tunazikataa kila Ramadhani.

Bei yenu mbona inaruka? Sokoni kofia zipo za bei chee.

Zipo, na tukienda sokoni tunaziona. Fanya hesabu hii. Chukua mshonaji anayeshona saa 4 kwa siku kwa siku 30: ni saa 120. Mlipe shilingi 1,000 tu kwa saa, ambayo kibarua wa kubeba magunia msimu wa korosho angekucheka ukimpa, na kazi imefika shilingi 120,000 kabla hujanunua kitambaa wala uzi. Kofia ya mashine inatoka kiwandani kwa dakika. Si bidhaa moja yenye bei mbili, ni bidhaa mbili.

Kupatana tunapatana, hii ni pwani. Lakini tunapatana kwenye faida yetu, hatushuki kwenye fungu la mshonaji. Ukiona muuzaji anashuka hadi nusu bila kukunja uso, jiulize nani amelipia hiyo nusu.

Mna kitambaa chenye darizi ya asili ya Kimakonde?

Hapana. Wamakonde wanajulikana duniani kwa kuchonga mpingo na vinyago vya mapiko, vile vya kuvaliwa ngomani, na zamani kwa chale za usoni na mwilini. Darizi ya sindano si sehemu ya sifa hiyo. Leo wapo washonaji, Wamakonde kwa Wayao kwa Wamakua, wanaochukua mistari ya zigizaga na pembe za chale za bibi zao na kuiweka kwenye kitambaa cha meza, na baadhi inapendeza sana. Hiyo ni kazi mpya ya msanii wa leo. Tunaiuza hivyo.

Basi darizi ni yetu, au ililetwa na Waarabu?

Anayetaka jibu la neno moja hatalipata hapa.

Anza na uzi. Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa kuwa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ni vizito vya kusokotea uzi. Maana yake watu wa Kilwa walisokota pamba wenyewe kabla Mreno hajaonekana kwenye upeo wa bahari. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawataja watu wa Kilwa kuwa wamevaa nguo nzuri za pamba na hariri. Huyo huyo anasimulia habari ya Sofala, bandari ya kusini iliyofungamana na Kilwa kwa biashara ya dhahabu: watu wake walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, India, wakazifumua, kisha wakaufuma uzi ule wa buluu pamoja na uzi wao mweupe ili wapate nguo ya rangi mbili. Mtu anayefumua nguo nzima iliyovuka bahari ili apate uzi wa rangi aitakayo, huyo anajua anachokitaka.

Kigae cha kusokotea, hata hivyo, kinathibitisha uzi, hakithibitishi darizi. Kanzu na kofia kama tunavyozijua zimepikwa kwenye chungu cha Bahari ya Hindi. Karne ya 19, wakati pwani hii ilikuwa chini ya sultani wa Unguja, wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat, India, walikuwa na maduka Kilwa Kivinje, Lindi na hapa Mikindani, na kwao darizi ni kazi ya kila nyumba. Merikani, ile nguo nzito isiyopaushwa kutoka Marekani, ilijaa kwenye majahazi. Kofia za Oman, kumma, ni ndugu wa damu wa kofia zetu, na safari haikuwa ya upande mmoja: historia ya kumma yenyewe inapitia Zanzibar. Lamu, Unguja na Komoro kila mahali pana mkono wake.

Kwa hiyo mtu wa Kilwa akisema kofia ni yetu, anasema kweli. Mtu wa Muscat akisema hivyo hivyo, hatutagombana naye.

Pamba na uzi vinatoka huku kwetu?

Havitoki. Na sababu yake ni historia chungu kidogo. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba, na mwaka 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Matumbi wilayani Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba shambani. Vita vya Majimaji vilianzia hapo. Miaka ya baadaye kilimo cha pamba kilizuiwa huku kusini kwa sababu nyingine kabisa, ili funza mwekundu asipate njia ya kupanda kutoka nchi jirani hadi kwenye maeneo makubwa ya pamba. Kwa hiyo sisi tuna korosho, ufuta na mbaazi, na kitambaa cha pamba tunakifuata Kariakoo.

Nyuzi nazo ni hivyo hivyo. Kwa mashuka tunapenda uzi wa pamba wa kudarizi unaouzwa kwa vifungu vidogo. Kifungu cha kawaida kina mita 8, na ndani yake kuna nyuzi nyembamba 6 unazoweza kuzitenganisha: mbili kwa mistari myembamba, tatu au nne kwa kujaza. Wa DMC kutoka Ufaransa ndio washonaji wanaousifia zaidi, kampuni hiyo ipo tangu 1746. Upo wa bei nafuu unaofaa. Upo pia wa bei nafuu unaotoa rangi.

Nitajuaje kama uzi utatoa rangi, au kama kitambaa ni pamba kweli?

Lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze juu ya uzi mwekundu au wa buluu kwa dakika moja. Kikibaki cheupe, nunua.

Kwa pamba, omba uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha kichembe kigumu cheusi. Muuzaji mwaminifu hatakunyima uzi mmoja.

Bwana harusi avae kanzu ya darizi au joho?

Vyote viwili, lakini pesa zako zipeleke mahali sahihi. Darizi ya kanzu iko shingoni, inashuka kwenye mpasuko wa kifua, na nyingine kwenye pindo za mikono. Kanzu za zamani za pwani zilishonwa kwa hariri nyekundu shingoni, na tunafurahi kuona baadhi ya wazee wakiirudia. Joho ni lile vazi la juu lenye zari za dhahabu. Majoho mengi ya kukodi mjini ni kazi ya mashine, na hakuna ubaya, kwa sababu linavaliwa kwa muda wa saa mbili na kurudishwa. Kodi joho. Kofia na kanzu nunua za mkono, utazivaa Idi zote zijazo.

Mimi si Mwislamu. Naweza kuvaa kofia ya viua?

Vaa. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, amepigwa picha nyingi akiwa na kofia. Wazee wa dini zote wanaivaa kwenye vikao na misiba. Ukiingia nayo nyumbani kwa watu, vaa safi na iliyonyooka, hilo tu.

Mbona mashuka yenu yana maneno? Nataka ya maua matupu.

Maua matupu yapo. Lakini maneno ndiyo yanayokwisha haraka: "Usiku Mwema" kwenye foronya mbili, "Karibu Mgeni" kwenye kitambaa cha meza. Mengine mteja huyaleta mwenyewe kwenye kikaratasi kilichokunjwa, tunayasoma, tunacheka, tunayashona. Shuka la kumfunda mwali au la zawadi ya harusi lina lugha yake na si kazi yetu kulihariri. Sharti ni moja: tuandikie herufi kwa usahihi. Uzi ukishajaza herufi, kuufumua kunaacha alama ya penseli na matundu.

Kama mto wako ni wa sufi, kumbuka foronya ndiyo inayofuliwa, mto wenyewe hauingii majini. Kwa hiyo tunaweka vifungo au kamba, hatuufungi kwa mshono.

Kofia inafuliwaje?

Kwa mkono, peke yake, na bila hasira. Iroweke kwenye maji ya kawaida yenye sabuni laini, ibonyeze kwa viganja mpaka jasho litoke, suuza mara kadhaa. Usiisugue kwa brashi, utapasua kingo za viua. Usiikamue kwa kuisokota.

Jiki ni marufuku. Kwenye pamba inadhoofisha uzi polepole. Kwenye hariri, kama ile ya shingo ya kanzu, inaula uzi wenyewe, na hakuna fundi wa kuurudisha. Ukitaka weupe, tia buluu kidogo sana kwenye maji ya mwisho.

Kisha wanga. Sisi tunatumia wa muhogo, huku kwetu haukosekani. Ukoroge kwa maji baridi kwanza usiwe na mabonge, mimina maji yanayochemka huku unakoroga mpaka upoteze weupe wake na kuwa mwepesi unaoteleza, uchuje kwa kitambaa. Chovya kofia, ibonyeze, ivike kwenye kalibu au sufuria ndogo iliyogeuzwa chini juu yenye upana wa kichwa chako. Ikiwa bado ina unyevu, pitisha sindano butu kwenye viua vilivyozibwa na wanga, kimoja kimoja. Watu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana unaona kofia nzuri imekuwa bapa kama imepakwa chokaa. Anika kivulini penye upepo.

Nimemwagikiwa na maji ya bibo kwenye kitambaa cheupe. Nifanye nini?

Kimbia bombani. Maji ya bibo yakikauka yanakuwa kahawia na hayatoki, kila mtu aliyekulia kwenye mikorosho ana shati la kuthibitisha. Suuza kwa maji baridi mengi, tena na tena, likiwa bado bichi, ndipo ufue. Likishakauka, tunachoweza kukufanyia ni kushona ua juu yake. Si mzaha, tumeshafunika madoa mengi kwa njia hiyo na wageni husifia mchoro.

Nguo za darizi nazihifadhije kwenye unyevu wa pwani?

Adui wa kwanza ni mfuko wa nailoni. Watu wanaona ni usafi, kumbe unafungia unyevu ndani na ukungu unaota kimya kimya. Funga kwa kanga kuukuu iliyofuliwa, au kitambaa chochote cha pamba. Vitambaa vya meza vizungushe kwenye bomba la karatasi badala ya kuvikunja, maana uzi hukatikia kwenye kunjo lile lile. Kama lazima ukunje, badilisha mahali pa kunjo kila unapovitoa.

Nguo ya kukaa miezi iweke bila wanga. Wanga ni chakula cha mende. Majani makavu ya mwarobaini kwenye kifuko yanasaidia kufukuza wadudu, ila yasigusane na nguo nyeupe. Udi fukiza upendavyo, lakini inua nguo mbali na chetezo: cheche moja inatosha.

Nimerithi kanzu ya babu yenye darizi. Niitundike ukutani?

Kwanza ipime. Shika pindo la ndani, livute taratibu. Kama kitambaa kina nguvu, ifue kwa adabu na uivae siku za heshima. Nguo ilishonwa ivaliwe, na sisi hatuoni kwa nini ikae kwenye kioo kama cheti. Kama kinachanika kwa kuguswa, basi ipumzike: ilaze kwenye sanduku, ndani ya kitambaa cheupe cha pamba. Ukiamua kuitundika, isiangaliane na dirisha, jua hula rangi na uzi pia, na usiipigilie misumari. Ishonee juu ya kitambaa kingine kizima kibebe uzito.

Na kabla wazee hawajaondoka, uliza nani aliishona. Andika jina kwenye kipande cha utepe, kishone upande wa ndani. Kazi nyingi za mikono za pwani hii hazina jina la mtu, na tunadhani hiyo ni dhuluma. Siku hizi kila kofia inayotoka kwetu ina jina la mshonaji ndani ya mkanda, kama mwenyewe amekubali.

Nataka kujifunza. Nianzie wapi?

Usianze na kofia. Utaichukia sindano kabla ya wiki kwisha. Anza na leso ya mkononi: kitambaa cheupe cha pamba, sindano yenye tundu refu, fremu ndogo ya duara, kifungu kimoja cha uzi, na subana ya kidole kama ngozi yako ni laini. Chora kwa karatasi ya kaboni. Jifunze mshono wa kurudi nyuma, kisha wa mnyororo, kisha wa kujaza. Hiyo mitatu inatosha kushona karibu kila shuka unaloliona.

Ushonaji ni moja ya fani za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na Mtwara na Lindi zote zina vyuo vyake, lakini huko uzito mkubwa uko kwenye cherehani. Sindano ya mkono utaipata kwa kukaa kibarazani na mtu anayejua. Nenda na uzi wako, mwamkie vizuri, usimharakishe. Maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, nayo ni mahali pazuri pa kuwakuta washonaji wa wilaya mbalimbali kwa pamoja na kulinganisha mikono.

Wanaume nao wanadarizi?

Wanadarizi. Pwani yote wapo wanaume wanaoshona kofia, na shingo za kanzu kwa muda mrefu zimekuwa kazi ya mafundi wa kiume. Kijana akikuambia sindano ni ya wanawake, mwulize kofia aliyovaa babu yake ilishonwa na nani.

Nina harusi. Niagize lini, na kichwa nipime vipi?

Shuka na foronya, mwezi mmoja na nusu kabla. Kofia ya viua, miezi minne, na ukija msimu wa korosho ongeza, kwa sababu washonaji wetu nao wana mikorosho yao na kuokota hakusubiri. Pima kichwa kwa futi ya kamba juu kidogo ya masikio, mahali kofia itakapokaa, ututumie kwa sentimita. Usikaze. Kofia ya pamba haivutiki, na wanga huibana kidogo zaidi.

Naweza kulipa kidogo kidogo?

Ndiyo. Nusu unalipa siku ya kuagiza, hiyo inaenda kwa mshonaji na kwenye kitambaa. Nusu nyingine unaigawa utakavyo mpaka siku ya kuchukua. Ukighairi baada ya mchoro kushonwa, ile nusu ya kwanza hairudi.